Kampuni yetu ya maziwa imepata faida lakini wafugaji wanaondoka, tupime nini zaidi ya gawio?

mwanahisa_mdogo

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu wa bodi, ushirika, uhasibu, ufugaji, yeyote anayejua hii kitu.

Tuna kampuni ndogo ya maziwa huku Nyanda za Juu Kusini, tulianzisha watu wa ukoo mmoja na marafiki wachache. Tunakusanya maziwa kwa wafugaji wadogo vijijini, yanapozwa kituoni, kiwandani tunatengeneza mtindi na maziwa ya pakiti, yanauzwa mjini na mengine yanakwenda Dar. Wanahisa wengi hawaishi huku, wako Dar na wengine nje ya nchi, kwa hiyo wanachokiona ni ile ripoti ya mwisho wa mwaka na ukurasa wa kwanza kufungua ni wa gawio, yaani ile sehemu ya faida wanayogawiwa. Siwalaumu, hela yao ipo pale.

Sasa mwaka huu faida imepanda vizuri na kwenye mkutano meneja akapigiwa makofi. Mimi naishi huku, nakutana na wafugaji kanisani, sokoni, msibani, na najua ile faida imetoka wapi. Malipo ya maziwa zamani yalikuwa yanatoka kila baada ya wiki mbili, saiv mtu anaweza kukaa mwezi na zaidi hajaona kitu, masika maziwa yalipokuwa mengi bei ikashushwa na mpaka leo haijarudi, na yule mtaalamu wa mifugo aliekuwa anazunguka vijijini mkataba wake haukuongezwa. Kwenye ripoti yote hayo yameandikwa "kubana matumizi". Huku chini wafugaji wazuri, wale wenye ng'ombe watatu wanne wanaokamua vizuri na kutunza, wameanza kuwapa wachuuzi wa pikipiki ambao wanalipa keshi hapohapo asubuhi.

Nikanyoosha mkono nikasema tuwe na vipimo vingine vya mafanikio, sio faida peke yake. Nikajibiwa kwa heshima kabisa kwamba kampuni ni ya wenye hisa, inapimwa kwa faida, na kama nina kipimo kingine nilete kinachohesabika tukijadili mkutano ujao, nisilete hisia. Naona wana haki kudai hivo. Ila mimi naamini kabisa kwamba kampuni ambayo kila mwaka mfugaji wake anazidi kudhoofu haijafanikiwa hata gawio likiongezeka mara mbili, na nataka niingie kwenye mkutano ujao na kitu mkononi.

Kwa hiyo swali langu, mnapima nini, nani anapima, na mnafanyaje hivo vipimo visiishie kuwa picha za kupanda miti kwenye jalada la ripoti?

---

mhasibu_wa_Moro

Mkuu, kabla hujaenda kwenye jamii na mazingira anzia kwenye vitabu vyenu vyenyewe maana jibu nusu lipo humo.

Kwanza tutenganishe. Kuchelewesha malipo ya wafugaji hakuongezi faida. Maziwa yakishapokelewa gharama yake inaingia kwenye vitabu siku hiyohiyo iwe mmelipa au hamjalipa. Kilichoongeza faida ni bei iliyoshuka na mshahara wa mtaalamu ulioondoka, labda na riba ya overdrafti (mkopo wa muda mfupi wa benki) iliyopungua. Kuchelewesha kunaongeza hela benki. Na gawio linalipwa kwa hela iliyopo benki. Unaona ninapoelekea? Inawezekana kabisa sehemu ya gawio mlilogawana ni hela ya maziwa ambayo mwenyewe bado hajalipwa, yaani mfugaji wa kijijini amemkopesha mwanahisa wa Dar bila riba na bila kuulizwa.

Hiyo inahesabika vizuri sana. Chukua deni la wafugaji lililopo kwenye mizania (ile taarifa ya mali na madeni) siku ya kufunga mwaka, gawanya kwa manunuzi ya maziwa ya mwaka mzima, zidisha kwa 365. Mfano tu, mkinunua maziwa ya milioni 730 kwa mwaka na deni siku ya mwisho ni milioni 60, mnawalipa baada ya siku 30 kwa wastani. Fanya miaka mitano nyuma, weka kwenye mstari mmoja na gawio la kila mwaka. Hakuna mwanahisa atakayekuambia hizo ni hisia, ni namba zao zilizokaguliwa na mkaguzi wao.

Cha pili, mtaalamu wa mifugo. Mshahara wake umeondoka mwaka huu, ila ng'ombe asiyepandishwa kwa wakati mwaka huu ni maziwa ambayo hayatakuja mwakani na mwaka unaofuata. Mahesabu yanaonyesha mlichookoa, hayaonyeshi mlichokata. Hapo ndo unahitaji kipimo cha pembeni.

---

mkulima_Kiambu

Mimi niko upande wa Kenya, Kiambu, na hapa karibu tuna mfano ambao ningependa wanahisa wenu wauone, Githunguri. Ule ni ushirika, ulianza 1961, na kiwanda chao chenye chapa ya Fresha kikaanza 2004. Mwenye hisa pale ndiye mwenye ng'ombe, kwa hiyo swali lako kwao linakaa tofauti kidogo, lakini angalia mkulima anauliza nini. Anauliza lita imelipwa ngapi, ndio, halafu anauliza kama kuna chakula cha ng'ombe dukani anachoweza kuchukua kwa mkopo kikatwe kwa maziwa, anauliza kama mtu wa kupandisha ng'ombe anafika akipigiwa simu. Mkulima anahesabu hayo yote pamoja, na ndio maana hawker, yaani mchuuzi, akija na shilingi mbili zaidi wengi hawaendi. Hawker hana dawa, hana chakula, na mvua ikinyesha sana haji.

Kwa hivyo kipimo ambacho mimi ningekupa ni hiki, chukua wafugaji walewale, angalia lita walizoleta masika na lita walizoleta kiangazi. Masika kila mtu anakuletea kwa sababu hana pa kupeleka. Kiangazi maziwa ni kidogo na kila mtu anayataka, hapo ndipo unajua nani ni wako. Kama kushuka kwenu kiangazi ni kukubwa kuliko vile ng'ombe wenyewe wameshuka, basi maziwa yapo, yameenda kwingine. Kampuni ambayo inapoteza maziwa ya kiangazi iko hatarini hata kama faida ya mwaka huo ni nzuri, maana kiwanda kinakaa nusu tupu na wafanyakazi unawalipa.

Pia huku kwetu sheria yenyewe imeshahama kidogo. Sheria ya Makampuni ya 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi akitafuta mafanikio ya kampuni kwa manufaa ya wanachama azingatie matokeo ya muda mrefu, wafanyakazi, uhusiano na wanaoiletea mali na wateja, jamii na mazingira. Haisemi faida isiwepo. Inasema usiangalie mwaka mmoja.

---

mzee_wa_viwanda

Naomba nitofautiane kidogo, na nasema haya kwa mtu ninayemuona ana nia njema.

Mimi nimefanya kazi kwenye shirika la umma miaka ile. Baada ya Azimio la Arusha 1967 tulikuwa na mamia ya mashirika, na hakuna hata moja lililopimwa kwa faida peke yake. Tulipimwa kwa ajira, kwa kuhudumia mikoa ya mbali, kwa kushikilia bei, kwa kujitegemea. Malengo mazuri yote. Kilichotokea ni kwamba meneja alikuwa na jibu la kila swali. Ukimuuliza hasara anakuonyesha ajira, ukimuuliza kwa nini bidhaa hazipo madukani anakuambia tunahudumia pembezoni. Vyama vya ushirika navyo vikafutwa 1976 kazi ikapewa mamlaka za mazao, na wakulima wanakumbuka wenyewe walivyokaa na stakabadhi bila hela. Miaka ya 90 mashirika mengi yakauzwa au kufungwa na wale tuliosema tunawalinda ndo walioumia kwanza.

Faida ina sifa moja kubwa, ni ngumu kuifanyia maneno kwa muda mrefu. Mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika 1970 kwenye jarida la New York Times kwamba jukumu la jamii la biashara ni kuongeza faida yake, na watu wanamlaani, lakini hoja yake ya msingi ilikuwa hiyo, kwamba meneja anayetumia hela ya mwenye mali kwa malengo aliyojichagulia mwenyewe hana anayemjibu. Tazama Marekani, Agosti 2019 wakurugenzi wakuu 181 wa makampuni makubwa, kwenye umoja wao uitwao Business Roundtable, walitia sahihi tamko kwamba kampuni ni ya wote, wafanyakazi, wateja, wasambazaji, jamii, wanahisa. Tamko zuri. Halikumfunga mtu yeyote kufanya lolote.

Kwa hiyo ndugu yangu ukileta vipimo kumi na tano utampa meneja wenu pa kujificha. Leta vichache.

---

abiria_wa_Eldoret

Mzee wangu shikamoo, nimekusoma na hayo ya mashirika ya umma sina la kupinga. Lakini faida peke yake nayo imeshaua watu na sisemi kwa mafumbo.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inatoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka, watu 157 wakafa wote, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Oktoba 2018 ndege ya aina ileile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Boeing walikuwa wameweka mfumo unaosukuma pua ya ndege chini ukitegemea kihisio kimoja tu, na marubani hawakuelezwa inavyopasa kwa sababu ilitakiwa ndege iuzwe kama haihitaji mafunzo mapya ya gharama, ishindane na Airbus, mtengenezaji mwenzao wa ndege. Sasa angalia kipimo cha wanahisa kilikuwa kinasema nini. Hisa za Boeing zilifika bei ya juu kabisa katika historia yake mwanzoni mwa Machi 2019, siku chache kabla ya ajali ya pili, na baada ya ile ya kwanza! Kati ya 2013 na 2019 walitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zao wenyewe ili thamani ipande. Mtu aliyekuwa anaangalia kile kipimo kimoja angekuambia kampuni haijawahi kuwa na afya kama ile.

Na Friedman mwenyewe aliweka sharti, faida ndani ya kanuni za mchezo, bila udanganyifu. Hilo sharti watu huliruka wakimnukuu.

Ninachosema ni kwamba faida inakuja imechelewa. Inakuambia ya jana. Mtu wa kiwandani aliyeona kasoro, mfugaji aliyehamia kwa mchuuzi, hao wanajua mapema na kama hakuna mahali pa kuandika wanachojua bodi itasikia siku imeshaharibika.

---

dada_wa_kituoni

Mimi nimesimamia kituo cha kukusanyia maziwa kwa muda mrefu (sio kampuni yenu mkuu usiogope) na nitakuambia vitu ambavyo vinaonekana pale mezani asubuhi na havifiki kwenye bodi.

Maziwa yaliyokataliwa. Kila siku kuna madumu yanarudishwa, yameshindwa kipimo cha alkoholi (cha kujua kama yameanza kuchacha) au laktomita inaonyesha yameongezwa maji. Hiyo ni sawa, ubora lazima. Lakini nimeona mwenyewe mahali pengine kwamba maziwa yakizidi uwezo wa kiwanda, ghafla kipimo kinakuwa kikali, mama ametembea na dumu lake kilomita kadhaa anaambiwa limekatika, na wiki iliyopita maziwa yaleyale yalipita. Hasara ya maziwa kuzidi inabebwa na mfugaji na kwenye vitabu vya kampuni haionekani popote kwa sababu maziwa yaliyokataliwa hayajanunuliwa. Kwa hiyo dai asilimia ya maziwa yaliyorudishwa kwa kila mwezi, na iwekwe karibu na ujazo wa matanki mwezi huohuo. Ukiona vinapanda pamoja utaelewa, hakuna haja ya kumshutumu mtu.

Kingine, jina la anayelipwa. Anayekamua mara nyingi ni mama, anayekata majani ni mama na watoto, akaunti ni ya baba. Kampuni inajisifu imelipa wafugaji kadhaa na nyumbani mama hajaona hata ya sabuni. Hesabuni akaunti ngapi zina jina la mwanamke. Na muwe waangalifu na maziwa ya jioni!! Sehemu nyingi ya asubuhi yanakwenda kituoni na ya jioni yanabaki nyumbani, watoto wanakunywa, yanayobaki mama anauza jirani na hiyo ndo hela yake. Kampuni ikianza kukusanya ya jioni lita zinapanda, ripoti inapendeza, kila mtu kwenye bodi anafurahi, na mtoto kijijini anakunywa chai ya rangi. Hicho ni kitu ambacho huwezi kukijua mpaka umuulize mama, kwa hiyo aende mtu akaulize, tena awe mwanamke na asiwe wa menejimenti.

Kuhusu anapima nani, asipime anayepimwa. Meneja akipima furaha ya wafugaji kila mwaka itakuwa asilimia tisini na kitu. Chagueni wafugaji kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari, wapigiwe simu na mtu anayeripoti kwa bodi, maswali machache tu, ulilipwa lini mara ya mwisho, maziwa yako yamerudishwa mara ngapi mwezi huu, mwakani utaendelea kutuletea?

---

mhasibu_wa_Moro

Dada hapo umemaliza. Naongeza kitu kuhusu kufunga vipimo na bonasi maana najua mtafika huko.

Kuna benki ya Marekani, Wells Fargo, walikuwa na lengo kila mteja awe na huduma nane. Ukiangalia haikuwa kipimo cha faida, ilielezwa kama kipimo cha uhusiano na mteja, yaani kitu ambacho leo tungekipongeza. Wafanyakazi wakabanwa na malengo ya kila siku, wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 wakapigwa faini ya dola milioni 185 na ikajulikana wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Kipimo kizuri kikageuka wizi. Kwa hiyo kila kipimo kiwe na mwenzake wa kukilinda, lita pamoja na zilizorudishwa, idadi ya wafugaji pamoja na wanaoleta kiangazi.

Na msihangaike kubadilisha kila kitu kuwa shilingi. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, wamejaribu kwa msaada wa KPMG, kampuni ya ukaguzi na ushauri, kuhesabu thamani yote kwa jamii, M-Pesa, ajira, wakatoa na madhara kama ya kaboni, na kwa kampuni kubwa kiasi kile inasaidia kufungua macho. Kwa kiwanda kidogo gharama yake haifai, na ukishajumlisha mtoto kunywa maziwa na gawio kwenye namba moja, namba moja inaweza kuificha nyingine.

---

mwanahisa_mdogo

Wakuu ahsanteni sana, nimeprinti uzi wote. Nimefikiri hivi, naenda na vitu vinne tu. Siku za kumlipa mfugaji. Lita za kiangazi kwa wafugaji walewale. Maziwa yaliyorudishwa na ujazo wa matanki. Na katika shilingi 100 anayolipa mteja dukani zinafika ngapi kwa mfugaji, hii nimeiongeza mwenyewe maana bei yetu dukani imepanda na ya kijijini imeshuka na nataka waione pamoja. Faida inabaki palepale ukurasa wa kwanza, mzee_wa_viwanda nimekusikia na nakushukuru.

Hilo la maziwa ya jioni sijui nilipime vipi lakini meneja ana mpango wa kuanza kukusanya jioni na mimi nitaomba usianze mpaka kina mama waulizwe.

Kinachonibana ni moja, wakisema sawa tumeona, namba ni mbaya, halafu gawio ni lilelile?

---

mzee_wa_viwanda

Hapo ndipo penye kazi mwanangu, na nafurahi umebaki na vinne. Msikubaliane mgawanyo baada ya kuona faida, kubalianeni kabla. Mwaka ukiwa bado haujaanza, bodi iandike azimio, siku za kumlipa mfugaji zikizidi 14 hakuna gawio mpaka deni lishuke. Ni mstari mmoja. Halafu muweke sehemu ya ziada, mtakayoamua wenyewe, irudi kwa aliyeleta maziwa kwa kadiri ya lita zake, kama washirika wa Rochdale Uingereza walivyofanya tangu 1844 walipokuwa wanarudisha ziada kwa mnunuzi kulingana na manunuzi yake. Mondragon, umoja wa vyama vya ushirika vya wafanyakazi kule Hispania, walianza 1956 na mpaka leo sehemu ya ziada inatengwa kwa elimu na jamii kwa kanuni iliyokwisha kuandikwa, haijadiliwi upya kila mwaka kwa kuangalia sura za watu. Na wao hawako salama na soko, kiwanda chao cha Fagor cha vyombo vya umeme vya nyumbani kilifilisika 2013, ila wafanyakazi wengi walipokelewa na viwanda vingine vya umoja huo.

Azimio lipigiwe kura siku hiyohiyo utakapoonyesha zile siku za malipo, usiache liende kikao kingine.

---

mkulima_Kiambu

Na barua ya azimio mbandike pale kituoni kwa lugha ambayo kila anayeleta maziwa anaisoma, wafugaji wakijua zile siku 14 hamtahitaji mtu mwingine wa kufuatilia.

---

dada_wa_kituoni

Naunga mkono, na bei ya siku ibandikwe hapohapo pembeni.